Marlys Hoekstra, Aliyeandika Sheria ya Mbwa Mara Mbili

Ijumaa tarehe 31 Mei 2024, saa kumi na moja jioni, Marlys Hoekstra atarudisha funguo za lile gari jeupe la halmashauri na kuvua beji yake. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja kamili akiwa afisa wa wanyama wa mji wetu wa Walnut Ford. Ukijumlisha na miaka sita aliyosoma mita za maji kabla ya hapo, ni miaka thelathini na saba ya kugonga milango ya watu na kupokewa kwanza na mbwa, kisha na mwenye nyumba.

Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi aliniomba nusu ukurasa. Nilimwambia hilo asahau. Mimi ni Bev Lindquist wa dirisha la leseni. Meza yangu na ya Marlys zimetenganishwa na kabati moja la mafaili tangu mwaka 1998, na haya nitakayoyasema niliyaona mwenyewe au niliyasikia juu ya kabati hilo.

Marlys alizaliwa mwaka 1960 kwenye shamba la mahindi na nguruwe, maili mbili nje ya mpaka wa mji, mtoto wa nne kati ya watano na binti pekee. Alisoma hapa hapa, akaolewa na Gary hapa hapa, na mwaka 1987 akaingia idara ya maji. Kazi ya mita ndiyo iliyomfundisha mji huu. Alijua nani kaficha mita nyuma ya kuni, nani ana mbwa wa kubweka tu, na nani ana mbwa asiyebweka kabisa, ambaye kwa maelezo yake ndiye wa kumpa heshima. Katika miaka hiyo sita aling'atwa mara tatu. Mara zote tatu alikuwa mbwa mmoja, yule mfupi mwenye umbo la soseji wa mwalimu wa piano wa Mtaa wa Elm, na kila mara mwalimu alisema neno lile lile: "Anacheza tu huyo, mpenzi."

Nafasi ya afisa wa wanyama ilipopatikana mwaka 1993 waliomba wanne, wanaume watatu na yeye. Meya wa wakati huo alimuuliza kama anaogopa mbwa.

"Mbwa siwaogopi," Marlys akajibu. "Wenye mbwa ndio wanaonitoa jasho."

Akapewa kazi siku hiyo hiyo.

Wakongwe wanakumbuka kisa cha Mtaa wa Cedar. Bwana mmoja alipiga simu akihema: pitibuli watatu weupe, mbwa wale wa taya pana wanaoogopwa, wamevamia bustani ya jirani na wanafukua maua! Marlys akafika na glavu zake nene na ile fimbo ndefu yenye kitanzi, akawakuta watoto watatu wa nguruwe walioanguka kutoka kwenye lori lililokuwa likielekea kwenye maonyesho ya kilimo. Wawili aliwakamata mwenyewe, maana hiyo ni kazi aliyoifanya tangu ana miaka mitano. Wa tatu alikamatwa posta, akiwa amepanga foleni vizuri nyuma ya mama mmoja mwenye vifurushi. Yule bwana alipoonyeshwa pitibuli wake hakukubali kushindwa. "Lakini walikuwa na sura ya ubaya," akasema. Marlys aliyaandika maneno hayo kwenye kadi, akaibandika juu ya simu yake, na yako pale mpaka leo.

Hata hivyo huwezi kueleza miaka ya Marlys bila kueleza sheria ya mbwa, na habari hiyo inaanza na siku mbaya.

Juni 1998, mtoto wa miaka sita aitwaye Cassie Renner aliingia uwanja wa jirani kufuata mpira. Mle ndani kulikuwa na pitibuli dume aliyekuwa akifungwa mnyororo kutwa nzima, na siku hiyo mnyororo ulikatika. Marlys alikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo, kwa hiyo alifika kabla ya gari la wagonjwa. Alipiga magoti kwenye nyasi akambana mtoto shavu kwa taulo kwa dakika kumi na moja, akimwimbia wimbo wa kanisani kwa sababu hakuna wimbo mwingine uliomjia. Cassie alishonwa nyuzi arobaini na moja usoni.

Wiki ile mji mzima ulikuwa unatetemeka kwa hasira. Halmashauri ikamwita Marlys, ikamtaka aandike sheria ndogo, na akaiandika kwa siku mbili. Ilikuwa fupi. Aina nne za mbwa zilitajwa kwa majina, pitibuli wa kwanza. Mbwa yeyote wa aina hizo, au yeyote ambaye kwa macho ya afisa anafanana nao, haruhusiwi kukaa ndani ya mpaka wa mji. Mwenye mbwa anapewa siku tano amwondoe, la sivyo mbwa atachukuliwa. Madiwani saba, kura saba. Mimi nilikuwa na wiki tatu kazini na niliichapa sheria hiyo kwa vidole vyangu, na sikuona kasoro yoyote. Marlys naye hakuiona.

Mwaka wa kwanza waliondolewa mbwa thelathini na wanne. Wengine walipata ndugu wa kuwapokea mashambani. Wengine hawakupata. Marlys hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kila nyumba, akasimama mlangoni, akasikiliza matusi mpaka yakaisha, kisha akasikiliza kilio. Akirudi ofisini alikuwa akinawa mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika, nami nilijifunza kutomsemesha mpaka afunge bomba.

Ndipo alipoanza madaftari yake. Kila mtu aliyeng'atwa katika mji huu, Marlys alimwandika: mbwa gani, mahali gani, alikuwa huru au amefungwa, nani mwenyewe, na je, kuna aliyewahi kulalamika kabla. Hakuna aliyemwagiza. Nilimuuliza ya nini yote hayo.

"Nataka kuona kama dawa niliyoandika inaponya," akasema.

Sasa tuje kwa Mzee Orville Teague, mstaafu wa reli, ambaye wengi mlimfahamu kwa kofia yake yenye mistari. Alifiwa na mkewe mwaka 2005. Mwaka uliofuata akaokota mbwa jike karibu na mabehewa mabovu, mchafu, mbavu nje, akamwita Mabel. Masikio ya mzee yalikuwa yamekwisha. Miaka arobaini ya injini si mchezo. Mabel akawa ndiye masikio yake. Mlango ukigongwa, alimvuta mzee suruali. Simu ikilia, alimvuta. Birika likichemka, vile vile.

Aprili 2007 jirani yake, Bibi Ilse Brandt, alipiga simu ofisini kwetu kusema kwamba mzee anafuga mbwa aliyekatazwa. Daktari wa mifugo alipoulizwa alisema labda ni pitibuli, labda si pitibuli. Sheria haikumhitaji daktari. Ilihitaji macho ya afisa. Marlys akaenda kuangalia, akamkuta mzee amekaa barazani anamenya maharage, na Mabel amelala juu ya viatu vyake.

"Sema kwa nguvu, binti," mzee akamwambia. "Treni zimenila masikio."

Marlys akarudia kwa sauti, na mtaa mzima ukasikia.

"Amemng'ata nani?" mzee akauliza.

"Hajamng'ata mtu, Bwana Teague."

"Amemkimbiza nani?"

"Hakuna."

"Sasa mbwa wangu amekosa nini?"

Marlys akamtazama Mabel pale chini. "Kichwa chake," akasema. "Ni kipana mno kwa sheria."

"Na changu? Nacho kipana. Nikibebe tuhame wote?"

Marlys alisaini ile karatasi. Alirudi ofisini akaketi bila kuvua koti, na nikamwambia kwa hasira kwamba angeweza kumtazama yule mbwa na kusema si pitibuli, basi, nani angembishia?

"Bev," akanijibu, "sheria hiyo ni mwandiko wangu. Nikiipinda kwa ajili ya mzee ninayempenda, wenye mbwa wale thelathini na wanne niliowaondoa nitawaambia nini?"

Lakini njia aliipata. Sheria ilisema mbwa aondoke ndani ya mpaka wa mji, haikusema aende mbali kiasi gani. Marlys akampeleka Mabel kwenye shamba la wazazi wake, ambalo sasa ni la kaka yake Verlyn, maili mbili nje ya mpaka. Na kila siku ya kazi, saa sita mchana, alichukua gari lake mwenyewe, si la halmashauri, akampitia Mzee Orville, wakaenda kula chakula cha mchana na Mabel. Mzee alibeba mkate uliojazwa nyama ya nguruwe ya kukaanga, nusu yake, nusu ya mbwa. Verlyn alimwekea kiti cha plastiki kando ya ghala. Mvua, theluji, joto la mahindi ya Agosti, walikwenda. Gary anasema mkewe hakula chakula cha mchana na mtu mwingine yeyote kwa miezi kumi na moja.

Machi 2008, siku ya Jumatano, Marlys alifika saa sita kumchukua mzee akakuta gari la zimamoto limeziba mtaa. Mzee Orville alikuwa amebandika supu jikoni, akasinzia kwenye kiti. Supu ikakauka, kitambaa kikashika moto, king'ora cha moshi kikalia mpaka kikachoka. Hakusikia. Aliyeona moshi ni Bibi Ilse Brandt. Aliita zimamoto, kisha hakuwasubiri. Alilowesha aproni yake, akajifunga puani, akaingia, akamburuta mzee kwa kwapa mpaka barazani, yeye mwenye miaka sitini na nane na goti bovu.

Marlys alimkuta Bibi Brandt ameketi kwenye ngazi, uso mweusi kwa masizi.

"Yule mbwa angekuwepo, mzee angeamka," Bibi Brandt akasema. "Na usinitazame hivyo, Marlys. Najua aliyepiga simu ni nani."

"Na mimi najua aliyeandika sheria ni nani," Marlys akamjibu, akaketi kando yake.

Mzee alilazwa siku tisa na akapona. Siku ile ya moto Marlys alitoka pale moja kwa moja hadi ofisi ya meya, nguo zinanuka moshi, akaomba nafasi kwenye kikao cha Aprili.

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao kile, kwa hiyo ninayoyasema hapa yamo kwenye faili. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Upande mmoja walikaa waliopokonywa mbwa wao, wengine wakiwa na picha kifuani. Upande wa pili walikaa wazazi waliosema orodha ikiguswa watahama mji. Marlys alipanda na madaftari yake, kumi kwa idadi, akayaweka juu ya meza yakatoa kishindo.

"Sheria hii niliiandika mimi," akaanza. "Niliiandika mikono yangu ikiwa bado inanuka damu ya mtoto. Nimekuja kuwaambia nilikosea, na nimekuja na ushahidi dhidi yangu."

Akasoma. Mwaka mmoja kabla ya sheria, kwa mafaili ya hospitali, watu waling'atwa ishirini na mmoja. Mwaka mmoja baada ya sheria, ishirini na mmoja. Mwaka uliokuwa umetoka kwisha, ishirini na watatu. Jumla ya miaka kumi, watu mia mbili na kumi na wawili, karibu wote wameng'atwa na mbwa ambao hawamo kwenye orodha. Zaidi ya nusu yao waling'atwa na mbwa wa nyumba tisa tu. Nyumba tisa katika mji wa watu elfu kumi na mbili, na nyumba hizo majirani wote walizijua.

Kisha akawagawia madiwani karatasi yenye picha kumi na mbili za mbwa, akawaomba kila mmoja aweke alama kwa mbwa ambaye sheria inamtaka aondoke mjini. Karatasi zikarudi. Hazikuwepo hata mbili zilizofanana. Diwani mmoja alikuwa ameizungushia picha namba saba wino mara tatu.

"Namba saba una hakika?" Marlys akamuuliza.

"Huyo? Huyo ni pitibuli mtupu. Angalia taya."

"Namba saba ni Peggy, wa mama yako."

Ukumbi ulicheka mpaka meya akavunja mpini wa nyundo yake. Lakini Diwani Glenn Stroud, muuza matrekta, mtu wa sauti nzito, hakucheka. Alisimama, na ukumbi ukatulia.

"Sawa, tumecheka," akasema. "Sasa niambie, Marlys. Tukiifuta orodha, kisha mtoto mwingine akararuliwa, wazazi wake wakamgongee nani mlango?"

"Mimi," Marlys akasema. "Mnajua ninapokaa."

Na hapo ndipo binti mmoja wa miaka kumi na sita alipoinuka kutoka safu ya tatu, mama yake kamshika mkono. Alikuwa na kovu kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani.

"Mimi mbwa siwapendi," Cassie Renner akasema. "Nikiwaona navuka barabara, na sitaki mtu yeyote aniambie nijaribu kuwapenda. Lakini yule aliyening'ata alikuwa ameshamkimbiza mtu wa posta mara mbili. Alishampasulia binamu yangu koti. Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyeandika popote. Nyie mliandika orodha ya mbwa. Mimi ningependa mngeandika jina la mwenye mbwa yule."

Akakaa. Diwani Stroud naye akakaa.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Stroud alikuwa miongoni mwa wale watatu, na sheria ikapita bila yeye. Kwa mara ya pili nikaichapa sheria ya Marlys, safari hii kurasa kumi na nne. Kila mbwa mjini ana leseni na chanjo, awe mkubwa kama ndama au mdogo wa kuingia kwenye mkoba. Kila lalamiko linaandikwa, hata dogo. Mbwa anapimwa kwa alichotenda. Akithibitika ni hatari, anaishi nyuma ya uzio wa futi sita wenye kufuli na kibao getini, hatoki bila kifunga mdomo na kamba fupi mkononi mwa mtu mzima, na mwenyewe anakata bima na kuhudhuria darasa. Mwenye mbwa akivunja masharti mara mbili hafugi tena kwa miaka mitano, hata samaki wa kwenye bakuli, kama Marlys anavyopenda kuongeza ingawa hilo la samaki halimo.

Siku mbili baadaye Mabel alirudi nyumbani. Verlyn alimleta kwenye gari lake la shamba, na Mzee Orville alikuwa amesimama barabarani tangu saa moja asubuhi amevaa tai. Sitajaribu kueleza kilichotokea. Dereva wa gari la taka alizima injini akakaa kutazama, na mtaa ule ulichelewa kuzolewa taka siku hiyo bila mtu yeyote kulalamika.

Mzee aliishi miaka minne zaidi. Alipofariki, aliyekuja dirishani kwangu kubadilisha jina kwenye leseni ya Mabel alikuwa Bibi Ilse Brandt. "Simpendi," akaniambia huku akisaini. "Namtunza tu." Muuza nyama aliniambia kwamba Bibi Brandt alianza kununua soseji mara mbili kwa wiki, na mwenyewe soseji hazigusi.

Mnataka kujua mbwa wa kwanza kutangazwa hatari chini ya sheria mpya. Aliitwa Kapteni. Alikuwa na manyoya marefu ya rangi ya dhahabu, mbwa wa kuwekwa kwenye kalenda, na alikuwa mbwa wa Diwani Glenn Stroud. Septemba ya mwaka ule ule wa 2008 alimng'ata Duane wetu wa idara ya maji mahali ambapo Duane hakuweza kutuonyesha, na wiki mbili baadaye akamng'ata mama wa posta kwenye mkono. Marlys alikwenda na karatasi. Duane alimsindikiza, na ni yeye aliyetusimulia.

"Marlys, wewe!" Stroud akang'aka. "Huyu mbwa yuko kwenye kadi zangu za uchaguzi!"

"Kadi zijazo mpige picha na kifunga mdomo, Diwani. Watu watajua unafuata sheria."

"Unanilipizia kura yangu."

"Ningekulipizia kura yako ningekuja na kamera. Saini hapa."

Stroud alisaini. Alijenga uzio. Akaja kwenye darasa la Jumamosi ambalo Marlys amelifundisha kwenye kituo cha zimamoto kwa miaka kumi na sita, akakaa safu ya mbele amekunja mikono kama mwanafunzi aliyeletwa na mzazi. Somo la tatu, Marlys alipoeleza kwamba mbwa anayefungiwa uwanjani peke yake kutwa nzima hatimaye humchukulia kila apitaye kuwa adui, mzee mzima alikunjua mikono akauliza, "Kwa hiyo tatizo ni mimi kutokuwepo nyumbani?" Marlys akamwambia tatizo si yeye, dawa ndiyo yeye. Kuanzia hapo Walnut Ford ilimwona Diwani Stroud kila asubuhi akitembea mbele ya ofisi hizi na Kapteni, kifunga mdomo na kamba fupi, akiwasalimia wapiga kura. Kapteni hakumng'ata mtu tena mpaka alipokufa kwa uzee. Na aliyesimama kwenye halmashauri kuomba lile darasa lisifutwe kamwe alikuwa Stroud.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda hivyo. Mwaka 2015 mbwa mmoja wa Mtaa wa Ridge, aliyeandikwa mara tatu, alitolewa nje bila kifunga mdomo na mwenyewe aliyekuwa na haraka, akamvunja mzee mmoja mkono. Mbwa yule aliuawa kwa sindano, na Marlys alisimama hapo mpaka mwisho, mkono wake kichwani mwa mnyama. Mwenyewe alinyimwa haki ya kufuga, akamwita Marlys jina ambalo haliandikwi kwenye jarida. Asubuhi iliyofuata Marlys alikwenda nyumba zote mjini zenye kibao getini akakagua kufuli moja moja kwa mkono wake. Mwaka jana katika mji huu waling'atwa watu sita. Sita, na kati yao wawili ni wale wale wanaosisitiza kumbusu mbwa anayekula.

Watu wanadhani mtu wa namna hii nyumbani kwake kumejaa mbwa. Ukweli ni kwamba Marlys hajawahi kufuga hata mmoja tangu aajiriwe. Alisema afisa mwenye mbwa atapendelea mbwa anayefanana na wake, hata asipotaka, na akaacha hapo. Gary alizoea. Watoto walilalamika wakakua wakaondoka.

Basi Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nimeinamia karatasi zangu, nikamwona Marlys anaingia kwa mlango wa mbele, mlango wa wananchi. Akachukua namba. Akakaa kwenye benchi katikati ya watu, mkoba magotini, akingoja kama wengine, ingawa nilimwashiria apite ubavuni. Namba yake ilipoitwa alikuja dirishani akanipa fomu aliyoijaza kwa ule mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima. Jina la mwenye mbwa: Marlys Hoekstra. Chanjo: tayari. Jinsia: jike. Umri: kama miaka saba, hakuna anayejua, ameokotwa. Rangi: kahawia na vumbi. Na pale kwenye mstari unaouliza aina, alikuwa ameandika neno moja tu, "Mbwa."

"Marlys," nikamwambia kwa sauti ya kikazi, "fomu hii inataka aina."

"Mstari huo uondoeni," akasema. "Nimewaachia barua mezani."

Nimegonga muhuri.

Wafanyakazi wote mnakaribishwa kumuaga Ijumaa hiyo ya tarehe 31 saa kumi na moja na nusu, ukumbi wa zimamoto. Kutakuwa na pai za rababu, ile mimea ya mashina mekundu machachu, na Verlyn atachoma nguruwe. Bi Cassie Renner, ambaye sasa ni muuguzi na bado anavuka barabara akiona mbwa, atasoma salamu za mji. Kwa heshima yake mbwa watabaki nje kwenye kivuli, na Glenn Stroud amejitolea kuwashika kamba.

Marlys, kwa niaba ya kila aliyewahi kukutukana mlangoni kisha akarudi kukushukuru, na kwa niaba ya wale ambao bado hawajarudi: ahsante. Ahsante kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kukiri mbele ya ukumbi uliojaa kuwa amekosea, na kesho yake akaamka kwenda kazini. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na simu, na matembezi marefu na Gary na huyo mwenye rangi ya vumbi. Leseni yako iko tayari, namba 1147. Kibati chake kifunge kwenye ukanda wa shingo ya mbwa asubuhi hii hii. Afisa mpya anaanza Jumatatu, umemfundisha mwenyewe, na ameshaniambia hatamwonea haya mtu yeyote.